Bomba la choo la chuma likichakaa: uweke la plastiki, urudishe la chuma, au uchanganye?

Bomba kubwa linaloshusha maji taka ya choo kutoka ghorofani hadi kwenye chemba huwa halikumbukwi na mtu mpaka siku linapovuja. Likiwa la chuma cha kusubu, lile zito lenye mdomo mpana kila kwenye kiungo, mara nyingi limedumu kuliko milango na madirisha ya nyumba yenyewe. Ndiyo maana likipasuka mwenye nyumba hupata ushauri unaopingana. Fundi mmoja atasema ng'oa lote, weka plastiki. Mwingine atasema chuma ni chuma, ziba ufa maisha yaendelee. Kila mmoja anaweza kuwa na haki, kwa sababu jibu linategemea bomba linapita wapi, limeoza kiasi gani, na nani analala upande wa pili wa ukuta.

Msimamo wangu nautoa mapema. Mabomba mengi ya choo yaliyooza yanafaa kubadilishwa kwa plastiki, na kusema hivyo si kukidharau chuma. Ila ndani ya ukuta wa chumba cha kulala, na pale bomba linapotoboa sakafu za makazi kadhaa yaliyopandana, chuma bado kina hoja ambazo plastiki ya kawaida haizijibu. Na kama utachanganya, kiungo kati ya bomba la zamani na jipya ndicho kitakachoamua kama kazi itadumu.

Hakikisha kwanza ni chuma, kisha ujue kimeoza wapi

Chukua sumaku ndogo uiguse kwenye bomba. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa, na bomba ni la kijivu lenye uso wa saruji, simama hapo hapo: huenda ni la saruji iliyochanganywa na asbesto, ambalo karne iliyopita lilitumika sana kwa maji taka na kutolea hewa. Hilo halikatwi kwa grinda, halitobolewi wala halivunjwi kwa nyundo, maana vumbi lake huleta maradhi mabaya ya mapafu, saratani ikiwemo. Lina watu wake waliofunzwa kulitoa, na hawa ndio wa kuitwa.

Likiwa chuma, tafuta ugonjwa ulipo. Bomba la nje huanza kuoza upande wa nyuma, ule unaotazama ukuta, kwa sababu brashi ya rangi haikuwahi kufika huko. Mbele linaweza kung'aa, rangi juu ya rangi, na kumbe nyuma kuna magamba ya kutu na ufa mrefu unaoshuka na bomba. Pitisha kioo kidogo au kamera ya simu huko nyuma kabla hujaamua lolote.

Bomba la kulala, lile linalopita juu ya dari au chini ya sakafu, huugua kwa namna nyingine. Tumbo lake hulika kwa maji yanayopita kila siku, na mgongo wake hulika kwa gesi. Uchafu unaokaa bila hewa hutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo hukutana na unyevu na bakteria kwenye ukuta wa juu wa bomba, ikageuka asidi ya salfuriki, na asidi ikaanza kula chuma kidogo kidogo. Bomba la hivyo linaweza kutoboka juu, mahali ambapo mtu hategemei kuona tundu.

Upo pia uozo unaodanganya macho. Chuma cha kusubu kina kaboni ya asilimia 2 hadi 4, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imekaa ndani yake kama vipande vidogo vya grafiti. Kikikaa muda mrefu kwenye udongo au unyevu wenye chumvi au asidi, chuma huondoka na grafiti hubaki imesimama pale pale. Bomba linabaki na umbo lake na unene wake, lakini nguvu imekwisha. Kulijua, kwangua uso kwa ncha ya bisibisi. Chuma kizima kitaacha mstari unaong'aa na bisibisi itateleza. Kilichooza kitachimbika, kitoe unga mweusi laini unaopaka kidole, ule ule wa penseli. Kisha gonga kwa nyundo ndogo kuanzia juu kwenda chini ukisikiliza. Kizima hulia. Palipo na ufa au uozo mlio hufa ghafla, na sikio halihitaji mafunzo kulitambua hilo.

Kuziba au kutoa

Ukikuta ufa mmoja, kwa mfano pale bomba lilipogongwa na kitu kizito, na kwingine kote panalia vizuri, usikubali kung'olewa bomba zima. Kata kipande kibovu, weka kipya, bana kwa soketi za mpira zenye mikanda ya chuma kisichoshika kutu. Utepe wa kuzibia na udongo wa epoksi ni huduma ya kwanza tu. Vitakufikisha hadi siku ya kazi.

Njia ya kulivisha bomba kwa ndani, yaani kuingiza soksi iliyolowekwa gundi ya resini na kuiacha igande, ina maana pale bomba limezikwa chini ya zege na kuvunja sakafu ni hasara kuliko bomba lenyewe. Masharti yake ni kwamba bomba liwe bado na umbo, kutu yote ikwanguliwe kwanza, na kila tawi linaloingia lifunguliwe tena baada ya soksi kukauka. Kwa bomba la wima lililo wazi ukutani sioni sababu ya kupita huko.

Nyufa zikiwa nyingi, au kutu imeota ndani mpaka njia ya maji imekuwa nyembamba, kuziba ni kuahirisha. Kipande kipya kati ya vipande viwili vilivyooza huita fundi tena. Hapo toa kuanzia mahali pazima hadi mahali pazima, na kama hakuna mahali pazima, toa lote.

Uzito, na nani atalibeba

Bomba la PVC ngumu, ile plastiki ya kawaida ya mabomba, la milimita 110 lenye ukuta wa milimita 3.2 lina uzito wa kama kilo 1.5 kwa mita. Chuma cha ukubwa unaokaribiana nalo kinazidi kilo 8 kwa mita, na mabomba ya zamani yenye ukuta mnene hukaribia 20. Kwa urefu wa mita 3, plastiki anaibeba mtu mmoja akipanda ngazi. Chuma kinataka watu wawili, jukwaa imara na vishikio vilivyofungwa kwenye ukuta unaobeba. Kwa upande huu plastiki imeshinda bila ubishi, na ndiyo sababu kubwa inayoifanya ipendwe na mafundi. Inakatwa kwa msumeno wa mkono na kiungo chake hukamilika kwa dakika chache.

Ila wepesi huo una deni lake kwenye vishikio. Chuma hushikwa karibu na kila kiungo na basi. Plastiki hujipinda yenyewe, kwa hiyo bomba la milimita 110 linataka kishikio kila baada ya mita 1 likiwa limelala, na kila baada ya mita 2 likiwa limesimama. Fundi akiruka vishikio, bomba la kulala litabonyea katikati, maji yatatuama pale, na choo kitaanza kuziba bila sababu inayoonekana.

Kelele ya maji usiku

Hapa ndipo wengi hujuta, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Bomba la chuma lililokuwa ndani ya ukuta wa sebule kwa miaka mingi lilikuwa kimya, na watu walidhani ukimya ule ni wa ukuta. Linawekwa la plastiki, na usiku ule ule kila choo cha juu kikimwagwa maji sauti inashuka chumba kwa chumba.

Sababu yake ni uzito. Sauti ya maji yanayopiga ukuta wa bomba hupita nje kwa kuutikisa ukuta huo, na kitu kizito hutikisika kidogo. Chuma cha kusubu kina gramu zipatazo 7.2 kwa sentimita moja ya ujazo, PVC ina 1.4, tena ukuta wa PVC ni mwembamba zaidi. Kuongeza rangi au kufunika kwa ubao mwembamba hakubadilishi hilo.

Kama unataka plastiki na ukimya pia, zipo njia tatu zinazofanya kazi, na ni vizuri kuzitumia pamoja. Ya kwanza ni kununua bomba la plastiki zito lililotengenezwa kwa ajili ya utulivu, mara nyingi polipropilini iliyochanganywa na unga wa madini. Linagharimu zaidi ya PVC ya kawaida lakini tofauti husikika. Ya pili ni vishikio vyenye mpira ndani, ili bomba lisiuguse ukuta moja kwa moja, na kulivisha mkeka mzito wa kuzuia sauti kabla ya kufunga dakti, yaani ile njia iliyozibwa ambamo bomba hupita. Ya tatu haihitaji kununua kitu cha ajabu: mwisho wa bomba la wima, pale maji yanapogeuka kwenda kulala, usiweke kona moja ya nyuzi 90. Weka mbili za nyuzi 45 zenye kipande kifupi katikati. Maji yaliyoshuka ghorofa kadhaa hupiga kona kali kwa kishindo, na kona iliyolegezwa hupunguza kishindo hicho na pia huzuia povu na uchafu kurudi nyuma.

Bomba likipita nje ya nyumba, au ndani ya chumba cha kufulia, sura hii yote haikuhusu. Ruka.

Moto

Chuma hakiungui. Kuyeyuka kwake kunahitaji joto linalozidi nyuzi 1,100, ambalo moto wa nyumba kwa kawaida haulifikii. PVC huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi. Yenyewe haipendi kuendelea kuwaka moto ukiondolewa, lakini ikiungua hutoa moshi mzito wenye haidrojeni kloraidi, unaochoma macho na koo.

Tatizo hasa ni tundu. Bomba likipita kutoka ghorofa moja hadi nyingine, moto ukawaka chini, plastiki huyeyuka na kuacha njia wazi ya milimita 110 ya moshi na miali kupanda juu. Kwa hiyo kila sakafu au ukuta unaotenganisha makazi mawili unataka kola ya moto: pete ya chuma yenye kitu ndani kinachovimba kikipata joto na kuliminya bomba mpaka tundu lizibe. Katika nyumba ya familia moja yenye ghorofa moja juu, jambo hili si zito sana. Katika jengo la watu wengi ni suala la uhai. Fundi anayekuambia kola ni mapambo, usimpe kazi hiyo. Uliza pia sheria za ujenzi za mahali ulipo, kwa sababu majengo marefu mara nyingi yana masharti yake kuhusu bomba gani lipite wapi.

Joto na kutanuka

Kila mita ya PVC hurefuka kwa milimita 0.06 hadi 0.07 kwa kila nyuzi moja ya joto. Inaonekana ndogo. Chukua bomba la mita 3 lililo ukutani juani, asubuhi nyuzi 15, mchana uso wake nyuzi 55: limerefuka kwa milimita zinazozidi 7. Chuma cha urefu huo, kwa joto hilo hilo, hakifikishi milimita 1.5. Ukilifunga bomba la plastiki kwa gundi juu na chini bila kuliachia nafasi, litapinda, litang'oa vishikio, au litapasua kiungo kilicho dhaifu.

Dawa yake ni kiungo cha mpira angalau kimoja kwa kila ghorofa. Fundi hulisukuma bomba hadi mwisho wa soketi, yaani mdomo mpana unaolipokea, huweka alama kwa penseli, kisha hulirudisha nyuma kama milimita 10. Zile milimita 10 ndizo zitakazopumua. Ni kitendo cha sekunde chache, na ukiwa umesimama karibu utaona kama kimefanyika: alama ya penseli itakuwa imejitokeza nje ya mdomo wa soketi.

Maji ya moto ya jikoni au bafuni yanayopita na kuondoka hayaidhuru PVC. Lakini kama bomba litapokea maji ya zaidi ya nyuzi 60 kwa muda mrefu, kama yale ya mashine kubwa za kufulia au jiko la biashara, PVC si mahali pake. Tumia chuma au polipropilini. Jua nalo lina lake: miaka ikipita hufifisha rangi ya PVC na kuifanya iwe rahisi kupasuka ikigongwa. Paka rangi ya maji, tena nyeupe au nyingine ya kung'aa, maana rangi nyeusi hukusanya joto na kulirudisha lile tatizo la kutanuka.

Kudumu

Chuma kina ushahidi mrefu. Mwaka 1664 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliagiza mabomba ya chuma cha kusubu kupeleka maji Versailles, na yalifanya kazi kwa zaidi ya miaka 300. Maji safi si maji taka, lakini hata mabomba ya choo ya chuma hufikisha miaka 50 hadi 100 yakitunzwa. Mabomba ya PVC yalianza kuwekwa Ujerumani katikati ya miaka ya 1930, kwa hiyo nayo si mgeni tena. Hayashiki kutu, hayaliwi na ile asidi ya haidrojeni salfaidi, na uso wao laini hauotewi magamba. Kinachoyaua ni jua, kugongwa, na kazi mbaya ya siku ya kwanza.

Panya hawezi kutafuna chuma. Plastiki anaweza kuitafuna akipata ukingo wa kung'ata, hasa kwenye kipande kilichokatwa vibaya au kiungo kilicholegea karibu na chemba. Na ukizibua kwa waya wa mashine wenye visu, chuma kizima kitavumilia, ila kwenye plastiki mwambie fundi atumie kichwa butu. Dawa kali za kuzibulia huhitaji tahadhari kotekote: za asidi hula chuma, na zile zinazochemka zikikutana na maji hutoa joto la kulegeza plastiki zikikaa mahali pamoja.

Plastiki ipi, chuma kipi

PVC ngumu ndiyo ya kawaida, na huungwa kwa gundi yake au kwa pete ya mpira. ABS, plastiki nyingine ngumu, nayo hubanwa kwa gundi, lakini gundi yake yenyewe. Usichukue kopo lolote lililo karibu. Polipropilini na polithini hazishikwi na gundi ya aina hiyo kabisa. Hizi huungwa kwa mpira au kwa kuyeyushwa kwa joto, na mtu akipaka gundi atapata kiungo kinachoonekana kimeshika kumbe kitachomoka.

Anayetaka kurudisha chuma asiogope kwamba itabidi kuyeyusha risasi. Zamani kiungo kilijazwa nyuzi za katani zilizolowekwa lami, kisha risasi ya moto ikamiminwa juu yake na kushindiliwa kwa tindo. Chuma cha leo mara nyingi hakina ule mdomo mpana. Ncha mbili hukutanishwa, huvikwa mpira, na mkanda wa chuma hukazwa kwa bisibisi au spana. Ndani huwa kimepakwa epoksi, kwa hiyo hakiotewi kutu haraka kama cha zamani. Kilichobaki kuwa kigumu ni uzito na bei.

Kiungo cha zamani na kipya

Ukichanganya, hapa ndipo pa kukazia macho. Bomba la zamani la inchi 4 na la plastiki la milimita 110 yanaonekana sawa kwa jicho, lakini vipimo vyao vya nje havilingani, tena chuma cha zamani hutofautiana bomba kwa bomba. Pima kwa mkanda kuzunguka bomba, gawanya kwa 3.14, ndipo ununue kiungo cha mpira chenye ukubwa unaofaa kila upande. Kulazimisha mpira mkubwa kwa kukaza mkanda hufanya mikunjo, na maji hupata njia kwenye mkunjo.

Ncha ya chuma iliyokatwa isafishwe kutu na rangi kwa brashi ya waya mpaka mpira ukae kwenye chuma kitupu. Hakikisha hakuna ukingo ndani unaopingana na maji: bomba la juu liingie au likae ndani ya lile la chini, kamwe si kinyume, maana kila ukingo unaotazama juu ni mahali pa karatasi kunasa. Na ukikuta soketi ya zamani ya chuma imebaki ardhini ikiwa nzima, usijaze saruji kuzunguka plastiki. Saruji hupasuka plastiki inapotanuka. Upo mpira maalumu wa kuingia ndani ya soketi hiyo, tumia huo.

Siku ya kukata

Hatari kubwa ya kazi hii ni bomba lililo juu ya mkato. Katika jengo la ghorofa kadhaa, chuma kilicho juu kinaweza kuwa kimebebwa na kile unachotaka kukitoa, na vishikio vyake vya zamani vimeliwa na kutu. Ukikata chini bila kukishika juu, zaidi ya kilo 100 zinashuka kwa pamoja. Kabla ya msumeno wowote, funga vibano imara vya kubeba bomba juu ya mkato na uviegemeze kwenye sakafu au ukuta unaobeba. Kisha kata kuanzia juu kwenda chini, vipande vifupi vya urefu ambao mtu anaweza kuushusha kwa kamba, si kuuangusha.

Kila mtu ndani ya jengo ajue vyoo havitumiki, na mtu asimame kuhakikisha. Fungua madirisha: ndani ya bomba mna methani na haidrojeni salfaidi, na grinda hutoa cheche. Mnyororo wa kukatia bomba hautoi cheche na ni wa haraka, lakini kwenye chuma kilichooza huweza kulipasua vipande vipande badala ya kulikata. Miwani, glavu nene na barakoa ya vumbi ni lazima. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, na viungo vyenyewe vina risasi, kwa hiyo usivichome kwa moto kuvilegeza. Kata pembeni ya kiungo, kitoke kizima.

Chini ya ardhi

Chuma hubeba mzigo chenyewe. Plastiki hubebwa na udongo uliolizunguka bomba, na ukishindiliwa vibaya bomba hubonyea likawa bapa. Ilazwe juu ya kokoto ndogo laini, izungukwe nazo pande zote, ndipo udongo urudi. Mteremko wa 1 kwa 40, yaani milimita 25 kwa kila mita, hufaa kwa milimita 110. Kwa upande mwingine plastiki huja na viungo vichache na vya mpira mpya, na mizizi ya miti haipendi hilo. Mabomba mengi ya zamani huzibwa na mizizi iliyoingia kwenye viungo vilivyokauka.

Waya wa ardhi

Jambo hili husahaulika na lina hatari. Katika nyumba za zamani mabomba ya chuma huunganishwa na mfumo wa umeme wa kupeleka hitilafu ardhini. Ukiona waya, mara nyingi wa kijani na njano au wa shaba tupu, umefungwa kwenye bomba, usiukate na kuuacha ukining'inia. Ukishaweka plastiki katikati, njia ile imekatika, na kitu cha chuma bafuni kinaweza kubaki na umeme bila mtu kujua. Fundi umeme akague kabla na baada.

Ningechagua nini mahali gani

Bomba la nje ukutani: plastiki, lenye rangi nyeupe, viungo vya mpira na vishikio vya kutosha. Ukitaka sura ya zamani ya jengo ibaki, chuma kipya. Ndani ya ukuta wa vyumba vya kulala au sebule: chuma kipya kama ukuta unaweza kukibeba, la sivyo plastiki nzito ya utulivu na mkeka wake, PVC ya kawaida hapana. Jengo la makazi mengi: chuma kwenye bomba la wima, plastiki kwenye matawi mafupi ya vyoo na sinki, na kola ya moto kila plastiki inapopenya ukuta au sakafu ya kutenganisha. Chini ya ardhi: plastiki, ila pale gari linapopita juu na bomba haliko chini vya kutosha. Jiko la biashara: chuma au polipropilini.

Chochote utakachochagua, usimlipe fundi na usifunike ukuta kabla ya jaribio. Midomo yote huzibwa, hewa husukumwa mpaka maji kwenye kimrija chenye umbo la U yatofautiane kwa milimita 38, na lazima yabaki hivyo kwa dakika 3. Yakishuka, maji ya sabuni kwenye kila kiungo yataonyesha povu mahali pa kukaza. Kisha mwambie akuonyeshe mdomo wa kuzibulia uliopo chini ya bomba la wima, aufungue na kuufunga mbele yako, na ukuta unapojengwa upya uachiwe kijimlango mbele yake.